Eti watu wa Mfangano wote wana bilhazia? Jibu refu kwa shemeji wa Nakuru

Swali lilikuwa refu, nimelifupisha. Mama mmoja wa Nakuru ameolewa na Msuba wa kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, na Desemba hii wanapeleka watoto kwa babu na nyanya yao kwa mara ya kwanza, mmoja ana miaka tisa mwingine minne. Amesoma kwamba watoto sita kati ya kumi kule visiwani wana kichocho, yaani hiyo bilhazia. Mama yake mzazi, mkulima wa mpunga Mwea, amemwambia asithubutu, "hao watu wa ziwa wote ni wagonjwa." Mume naye amewaka, anasema amezaliwa huko, kaogelea huko mpaka akawa kijana, kila mwaka akienda lazima aingie maji, na mwaka huu amepimwa choo hapo Nakuru na hakuna kitu kilionekana, kwa hivyo hizo ni porojo za watu wa risachi. Sasa anauliza nani anasema ukweli, na watoto waingie majini ama wasiingie.

Shemeji, karibu. Nakuita shemeji kwa sababu umeolewa upande wetu huu wa ziwa na hiyo haina rufaa. Niseme mapema mimi si daktari wa kukuandikia dawa, mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni darubini na vikopo vya choo, so kwa maswali ya "ni wangapi wanao" umefika mahali pake.

Hiyo ya sita kati ya kumi si porojo. Iko kwenye utafiti uliochapishwa 2012 wa watoto wa shule za Mbita, mji wa ufuoni, na visiwa vilivyo karibu, na walipata kama asilimia 60 wana mayai ya Schistosoma mansoni chooni, huyu ndiye mnyoo wa kichocho cha tumbo, si kile cha Pwani kinachofanya mtu akojoe damu. Asilimia 60 ni nyingi sana. Lakini soma tena hiyo sentensi polepole, nimesema watoto wa shule, nimesema Mbita na visiwa, na mwaka ni 2012. Sijasema Wasuba. Mtu akichukua namba ya watoto wa shule wa bichi fulani mwaka fulani akaifanya namba ya kabila zima, hapo ndo matusi yanaanza na hapo ndo mzee wako, yaani mume wako, anakasirika, na kwa hilo mimi niko upande wake.

Sababu yenyewe ni hivi. Mnyoo huu hauhami kutoka kwa mtu mpaka kwa mtu. Huwezi kuupata kwa kulala kitanda kimoja na mgonjwa, wala kwa kula naye omena kwa sahani moja, hata mama mwenye mimba hampi mtoto tumboni kwa njia ya kawaida. Lazima kuwe na maji baridi yasiyo ya chumvi, kuwe na konokono wa aina yake ambaye kwa huu wa tumbo ni Biomphalaria, kuwe na choo cha binadamu kinachofika hayo maji, na kuwe na ngozi ya mtu inayoingia humo. Yai likifika majini linaanguliwa, kijidudu kinatafuta konokono, kinakaa ndani yake wiki nne hadi sita hivi kikijizidisha, halafu konokono anaanza kutoa viluwiluwi vyenye mkia, maelfu kwa maelfu, na hao wanatoka zaidi jua likiwa kali, yaani saa nne, saa sita, saa nane mchana, wakati ule ule watoto wako majini na akina mama wanafua. Kiluwiluwi kinatoboa ngozi kwa dakika chache tu na mara nyingi husikii lolote. Kikiingia kinapoteza mkia, kinazunguka na damu, kinapita mapafu na ini, mwishowe dume na jike wanakaa pamoja kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na jike anaweza kutaga mpaka mayai 300 kwa siku.

Kitu kimoja kikikosekana hapo mnyoo unakwisha. Ndiyo maana ziwa lenu la Nakuru pale penye heroe halina hii shida, maji yake ni ya magadi na konokono huyu hayawezi. Na ndiyo maana pia namba zinaruka vile zinaruka ndani ya jamii moja. Kuna utafiti mwingine wa zamani kidogo, ulichapishwa 2003, walipima watoto wa shule za Asembo upande wa Siaya. Kwa jumla kichocho kilikuwa karibu asilimia 16. Lakini ukifungua shule moja moja unakuta kuna shule ilikuwa na sifuri na kuna shule ilikuwa na 80. Wajaluo walewale, lugha ileile, ugali uleule, tofauti kubwa ilikuwa umbali wa kutoka ziwani. Sasa niambie hapo ukiulizwa "Wajaluo wana bilhazia kiasi gani" utajibu nini? Ukisema 16 umewadanganya walioko ufuoni, ukisema 80 umewatukana walioko juu mlimani wanaotumia maji ya mvua.

Sasa kuhusu mama Mwea. Mpe shikamoo yangu, halafu umuulize taratibu, akiwa amekunywa chai, kama anajua Mwea iko kwenye ramani ya kichocho ya Kenya miaka na miaka. Mnyoo wa Mwea ni huuhuu wa tumbo, Schistosoma mansoni, na unapenda mifereji ya mpunga kwa sababu maji yamesimama, konokono wametulia, na watu wanapanda mpunga wakiwa wamezama mpaka magotini kutwa nzima. Mama yako mzazi kwa hiyo kazi yake ana nafasi nzuri tu ya kuwa nao kuliko shemeji zako wengi wanaoishi Mbita mjini na kuoga maji ya bomba. Simwambii kwa ubaya. Ila hiyo ya "hao watu" tuiache, mfereji wa Mwea na ufuo wa Mfangano ni ndugu wa damu.

Haya, twende kwa mzee wako na kipimo chake cha choo, maana hapa ndo kuna utamu wenyewe na watu wengi wanadanganyika, hadi wahudumu wa afya.

Kwenye maabara nyingi za mtaani wakikupima choo wanachukua kichembe, kama miligramu 2, wanachanganya na tone la maji ya chumvi, wanafunika na kioo, wanaangalia. Inafaa kwa amiba, kwa kichocho ni bahati nasibu. Sisi wa tafiti tunatumia kitu kinaitwa Kato-Katz. Unachukua choo unakisukuma kwenye wavu mdogo ili makapi yabaki juu, kile laini kilichopita unakijaza kwenye tundu la kibao cha plastiki ambalo limepimwa lichukue miligramu 41.7, unainua kibao, kinabaki kidonge cha duara kwenye slaidi, unafunika kwa kipande cha selofani kilicholowekwa glisarini na rangi ya kijani, unageuza unabonyeza mpaka kitandazike uweze kusoma maandishi ya gazeti kupitia humo. Usiku ama kesho yake glisarini imeng'arisha kila kitu na mayai ya kichocho yanaonekana, makubwa, ya kahawia, na mwiba ubavuni. Ukishaliona hilo lenye mwiba hulisahau, hakuna yai lingine la mnyoo wetu huku lina mwiba hivyo. (Mayai ya minyoo ya safura yenyewe ukichelewa saa moja yamepotea kwenye hiyo glisarini, kwa hivyo asubuhi ni mbio za safura kwanza, bilhazia inangoja.)

Unahesabu mayai yote ya slaidi, unazidisha kwa 24, unapata mayai kwa kila gramu ya choo. Chini ya 100 tunaita maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ya kati, 400 kwenda juu mazito.

Fanya hesabu nami. Chukua mtu mzima ana mayai 10 kwa gramu. Ukiwa na gramu 150 za choo kwa siku huyo anatoa mayai 1,500 kila siku, yaani anachangia ziwa vizuri tu. Lakini kwa miligramu 41.7 unatarajia kukuta chini ya nusu yai. Nusu yai haiko, kwa hivyo slaidi mbili kati ya tatu zitasoma sifuri, na huyo mtu ataenda nyumbani akisema "nimepimwa, niko sawa." Na hiyo ni Kato-Katz, usisahau ile ya mtaani ni miligramu 2. Tena mayai hayajatandazwa sawasawa kwenye choo, leo yapo kesho hayapo, ndiyo maana risachi ya maana inachukua choo cha siku mbili au tatu na slaidi mbili kwa kila kimoja, kitu ambacho hakuna mtu anakifanya hospitalini ukienda na tumbo lako.

Kuna kipimo kingine cha mkojo, kinafanana na kile cha mimba, unadondosha tone unangoja mstari. Hiki hakitafuti mayai, kinatafuta antijeni ambayo minyoo hai inatapika kwenye damu na inatoka na mkojo. Sasa sikiliza, ukipeleka hivi vipimo viwili kijiji chenye maambukizi mazito vinakaribiana, ukivipeleka kijiji chenye maambukizi mepesi cha mkojo kinaweza kutoa asilimia mara kadhaa zaidi ya Kato-Katz. Watu walewale, wiki ileile! Na juu ya hapo kuna ule mstari hafifu sana ambao mmoja anasema upo mwingine anasema haupo, na vile utaamua kuuhesabu ama kuuacha inabadilisha asilimia yako yote. Kwa hivyo ukiona mtu ameandika "asilimia fulani ya jamii fulani wana kichocho" na hajasema alipima kwa nini, wewe pita.

So mzee wako na utafiti wa Mbita hawagombani. Yeye ni mtu mzima anayeishi Nakuru, anaingia ziwani likizo tu, alipimwa mara moja. Wao walipima watoto, na watoto wa umri wa miaka 10 mpaka ujana ndo kilele cha maambukizi, kwanza kwa sababu hawatoki majini na pili kwa sababu mwili bado haujajifunza kupigana. Watu wazima kwa kawaida huwa na mayai machache zaidi, isipokuwa wale ambao kazi yao ni maji. Hapa Kisumu KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walifuatilia kwa muda mrefu waosha magari waliokuwa wanasimama ziwani kutwa, na wachimba mchanga, wanawatibu, wanaangalia itachukua muda gani warudi kuambukizwa. Kikachapishwa 2002 kitu cha kushangaza kidogo, kwamba kuna baadhi ya hao waosha magari ambao baada ya kutibiwa tena na tena walianza kukawia kuambukizwa upya ingawa bado wako majini vilevile. Minyoo ikifa mwilini inaonekana kinga inapata kitu cha kujifunzia. Lakini si wote, na huwezi kupangia maisha yako hapo.

Halafu jambo la mwaka. Tangu 2012 serikali imekuwa na mpango wa kitaifa wa kutibu minyoo mashuleni, na sehemu zenye kichocho wanaongeza prazikwanteli, dawa ya kichocho. Kuna vijiji namba imeshuka sana. Kuna vingine, na hivi ndivyo vinatunyima usingizi, dawa inaenda kila mwaka na namba inabaki palepale. Magharibi ya Kenya ilikuwa mojawapo ya sehemu ambapo huo ukaidi ulionekana wazi, kwenye tafiti kubwa zilizoanza karibu 2010. Ukiuliza kwa nini, mimi nitakujibu kwa kukuonyesha bichi. Dawa inapewa mtoto darasani, sawa, lakini baba ni mvuvi, msimu huu yuko Mfangano msimu ujao kisiwa cha Remba, hajawahi kukutana na mtu wa dawa, na ardhi ya ufuoni ni mwamba mtupu, kuchimba choo ni kazi ya baruti, kwa hivyo unajua choo kinaenda wapi. Mtoto anameza dawa Jumatatu, Jumamosi anaoga palepale. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo, sasa mahali ambapo maambukizi ni asilimia 10 kwenda juu wanasema kila mtu apewe dawa kila mwaka kuanzia miaka miwili, wazee kwa vijana, na akina mama wajawazito wakishapita miezi mitatu ya kwanza. Hiyo mimi naikubali kabisa, ilichelewa tu. Kupata watu wazima wajitokeze kumeza tembe chungu nne tano wakiwa hawajisikii wagonjwa ni vita nyingine.

Maana wengi hawajisikii wagonjwa, hiyo nayo iseme kwa sauti. Tumbo la hapa na pale, kuhara, damu kidogo chooni, uchovu, mtoto kukosa damu na kubaki nyuma darasani, watu wanazoea. Ubaya unakuja polepole kwa sababu karibu nusu ya mayai hayatoki, yanakwama mwilini, mengi kwenye ini, ini linaota makovu, bandama linavimba, na baada ya miaka kuna mtu anatapika damu ghafla na majirani wanasema amelogwa.

Sasa Desemba. Nendeni. Nyanya amengoja wajukuu vya kutosha. Lakini ziwani wasiingie, na nakuambia hivi nikijua wataona binamu zao wanaruka majini na italeta kilio. Wapelekwe kwenye boti, wakae juu, wavue na ndoana, hiyo haina shida. Ufuoni kwenye matete na magugu maji ndo kubaya zaidi, ila usidhani katikati kwenye kina ni salama, tuna konokono mwingine wa ukoo huohuo anaishi ndani zaidi. Na hiyo ya kusema wataingia alfajiri tu jua halijatoka inapunguza hatari, haiiondoi.

Maji ya kuoga ndo watu wanasahau. Unakataza mtoto ziwa halafu unachota ndoo hapohapo saa saba unamwogesha nayo. Hivyo viluwiluwi haviishi zaidi ya siku mbili bila kupata mtu, kwa hivyo maji yakichotwa bila konokono yakakaa kwenye tangi au pipa lililofunikwa siku mbili kamili yanafaa kuoga. Vinginevyo yachemshe, ama mtumie ya mvua. Ya kunywa yachemshwe tu, kule kipindupindu nacho hakiko mbali. Mtoto akianguka majini kwa bahati mbaya msugue na taulo haraka na kwa nguvu, inaweza kusaidia kidogo, usiitegemee.

Na hii uiandike mahali: wanao hawajawahi kukutana na huu mnyoo, na mtu mgeni ndo mwili wake unalipuka. Wiki mbili hadi nane baada ya kuingia maji mtoto anaweza kushikwa na homa, kikohozi, vipele vya kuwasha, tumbo, na mko Nakuru saa hiyo, mtapimwa malaria, mtapimwa taifodi, mtarudishwa na antibayotiki. Ukiona hivyo mwambie daktari kwa mdomo wako, "tulikuwa Ziwa Victoria Desemba, mtoto aliingia majini." Asipoambiwa hatafikiria, na hilo si kosa lake.

Wasipougua lakini waligusa maji, pimeni wiki sita hadi nane baada ya siku ya mwisho ziwani, si mapema. Kabla ya hapo mayai hayajaanza kutoka, na dawa nayo haiui minyoo michanga, inaua iliyokomaa, kwa hivyo mtu akikimbilia kumeza siku ya pili amejitesa bure. Dozi yao ya prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, wameze wakiwa wameshiba maana kwa tumbo tupu inachafua roho vibaya. Huyo wa miaka minne ni kusagiwa tembe ya kawaida, ni chungu kweli, mchanganye na juisi. Kuna tembe mpya ya watoto wadogo inayoyeyuka majini, ilijaribiwa hapa Kenya na Ivory Coast, na mamlaka ya dawa ya Ulaya iliipa maoni mazuri Desemba 2023, uliza kituo chenu cha afya kama imewafikia.

Kuhusu ndugu yangu mwenyewe, yaani mume wako, asiseme hana kwa kile kipimo kimoja. Mnyoo mmoja huishi miaka mitatu mpaka kumi kwa wastani na kuna watu wamekutwa nao hai zaidi ya miaka 30 baada ya kuhama, na yeye bado anaongeza kila likizo. Aombe Kato-Katz ya siku tatu tofauti au kile cha mkojo, na kama hakuna mahali wanafanya hivyo Nakuru, kwa historia yake daktari anaweza kuamua kumpa dawa tu bila kungoja yai lionekane, si dawa ya bei wala ya hatari kwa mtu mzima wa kawaida. Kitu cha pili, kwa vile amekulia huko, aulizie picha ya ini na bandama ya ultrasaundi angalau mara moja. Na mama Mwea naye akija kuwatembelea mpelekeni kliniki hiyohiyo siku hiyohiyo, mtaona nani atacheka.